Kutengeneza Geji ya Mafuta Isiyosema Kweli kwenye Land Rover Series III

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, bado inabeba watu na mizigo katika mashamba, misheni na vijiji vingi vya Afrika Mashariki, na katika nyingi kati ya hizo geji ya mafuta ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mwenye gari hukata tamaa navyo. Mshale hulala kwenye alama ya tupu hata tenki likiwa limejaa, au husimama kwenye nusu kwa miezi, na dereva huzoea kufungua kifuniko cha tenki na kuchovya kijiti. Mazoea hayo yana gharama yake. Gari la petroli likiendeshwa mpaka tone la mwisho huvuta kutu na uchafu uliotulia chini ya tenki na kuupeleka kwenye kabureta. La dizeli likiishiwa huvuta hewa, na haliwaki tena hata likiongezwa mafuta mpaka hewa hiyo itolewe kwa kulegeza nati na kupampu kwa mkono, kazi ngumu kuifanya usiku kando ya barabara.

Kutengeneza geji hii hakuhitaji karakana wala fedha nyingi. Kinachohitajika ni subira ya kupima kwa mpangilio, kwa sababu kosa linalorudiwa sana ni kuagiza floti mpya, yaani kifaa cha ndani ya tenki kinachopima mafuta, mara tu mshale unapogoma, kumbe floti ni nzima na shida ni bolti moja iliyoshika kutu au waya uliochomoka nyuma ya dashibodi. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja: tenki lisifunguliwe mpaka vipimo vyote vya nje viwe vimeonyesha kwamba tatizo limo ndani yake.

Njia ambayo umeme hupita

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo na fyuzi, na kufika kwa waya wa kijani kwenye kiboksi kidogo cha bati kilicho nyuma ya dashibodi, ambacho ni stabilaiza. Kazi yake ni kushusha volti 12 au 14 za gari ziwe wastani wa volti 10, ili geji isipande na kushuka kila injini inapoongeza mwendo. Kutoka kwenye stabilaiza, waya wa kijani kilichofifia huingia kwenye geji, na pia kwenye geji ya joto la injini, jambo ambalo litatusaidia sana baadaye. Umeme ukishapita ndani ya geji hutoka kwa waya wa kijani wenye mstari mweusi, hushuka hadi juu ya tenki, na kuingia kwenye floti. Hapa nitaita kifaa chote kilichofungwa kwenye tenki floti, kama mafundi wanavyokiita, na kile kinachoelea mwisho wa mkono wake nitakiita boya. Umeme ukishapita kwenye waya mwembamba uliozungushwa ndani ya floti, hurudi betri kwa kupitia bati la floti, tenki, bolti zake na chesisi.

Floti yenyewe ni kizuizi cha umeme kinachobadilika. Tenki likiwa tupu ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia umeme, huwa takriban omu 240, likiwa nusu takriban 68, na likijaa hushuka hadi omu 20 hivi au 30. Ukinzani ukiwa mdogo, umeme mwingi hupita kwenye geji, kipande cha metali mbili kilichomo ndani yake hupata joto na kujikunja, na mshale huvutwa kuelekea alama ya kujaa. Kwa kuwa geji hutumia joto, mshale huchukua muda kutulia, pengine nusu dakika. Upole huo ndivyo ulivyokusudiwa, wala si ugonjwa. Kutokana na haya zipo kweli mbili ambazo fundi anapaswa kuzishika: njia ya umeme ikikatika mahali popote, geji husoma tupu; na waya wa kijani na nyeusi ukigusa chuma cha gari kabla ya kufika kwenye floti, geji husoma imejaa kupita kiasi.

Vifaa

Andaa multimita, yaani chombo cha kupima volti na omu, na ukipata ya mshale itakufaa kuliko ya tarakimu, kwa sababu zitakazoelezwa hapo chini. Andaa pia taa ndogo ya majaribio ya volti 12, waya wa meta 3 wenye klipu za meno pande zote mbili, bisibisi, spana, brashi ya waya, msasa laini, vaselini, na gasketi mpya ya floti. Kwenye duka la vipuri vya redio nunua rizista, yaani vizuizi vidogo vya umeme, tatu za wati 1: ya omu 22, ya omu 68 na ya omu 240. Ya omu 220 inatosha kama ya 240 haipatikani. Rizista hizi zitachukua nafasi ya floti wakati wa vipimo, na huondoa haja ya kugusisha waya wa geji moja kwa moja kwenye chuma, tabia ambayo hupitisha kwenye geji umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa.

Anza na kile ambacho gari lenyewe linakuambia

Washa ufunguo bila kuwasha injini, halafu jaribu indiketa na taa za breki. Kama navyo havifanyi kazi, angalia kwanza fyuzi inayolisha nyaya za kijani, itoe, isafishe ncha zake pamoja na vishikizio vyake kwa msasa, kwa maana fyuzi inayoonekana nzima kwa macho huweza kuwa haipitishi umeme kwa sababu ya kutu nyeupe iliyo kwenye miguu yake.

Kisha washa injini mpaka ipate joto la kawaida na utazame geji mbili kwa pamoja. Geji ya joto ikifanya kazi vizuri na ya mafuta pekee ndiyo mbovu, stabilaiza ni nzima na unaweza kwenda moja kwa moja kwenye tenki. Geji zote mbili zikisoma juu kupita kawaida, zote zikisoma chini, au zote zikiwa zimekufa, usipoteze muda kwenye tenki. Ruka hadi sehemu ya stabilaiza. Watu wengi wamebadilisha thamostati kwa kudhani injini inachemka, na floti pia, kumbe kilichoharibika ni kiboksi hicho kimoja.

Vipimo vya juu ya tenki

Kwenye Series III fupi, ya inchi 88 kati ya ekseli, tenki liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Ondoa mto wa kiti, fungua skrubu za bati lililo chini yake, na utaona sehemu ya juu ya tenki ikiwa na floti. Kwenye gari refu la inchi 109 la abiria, tenki liko nyuma na hufikiwa kwa shida zaidi, ila vipimo ni vilevile. Fungua milango yote, acha hewa ipite kwa muda, na pasiwe na sigara, jiko wala mashine ya kuchomea karibu. Kabla ya kugusa chochote, piga brashi na upulize vumbi lote lililokaa juu ya tenki.

Ufunguo ukiwa umezimwa, chomoa waya wa kijani na nyeusi kwenye floti, kwenye ncha yenye herufi T. Baadhi ya floti zina ncha ya pili yenye herufi W, ambayo ni ya taa ya kuonya kuwa mafuta yanakaribia kwisha, na hizi mbili zisichanganywe. Washa ufunguo na umwombe mtu akusomee geji: mshale unapaswa kushuka hadi tupu na kubaki hapo. Ukibaki juu, waya huo umechubuka mahali fulani na unagusa chuma, na utaupata kwa kuufuatilia, hasa pale unapopita chini ya sakafu au kwenye kona kali ya bati.

Zima tena. Unganisha rizista ya omu 22 kwenye ncha ya waya uliouchomoa, na upande wa pili wa rizista uunganishe kwa ule waya wako mrefu hadi kwenye chuma safi cha chesisi, mbali na tenki, ili cheche yoyote itokee nje. Washa ufunguo na usubiri. Mshale ukipanda taratibu hadi karibu na alama ya kujaa, basi geji, stabilaiza na waya wote ni vizima, na tatizo limebaki kwenye floti au kwenye njia yake ya kurudi betri. Weka rizista ya omu 68 na mshale utafute nusu. Kipimo hiki cha dakika chache kinamaliza zaidi ya nusu ya kazi ya kutafuta.

Sasa rudisha waya kwenye T, na kabla ya kuilaumu floti, unganisha waya wako wa majaribio kutoka kwenye bati la floti hadi kwenye chuma safi cha chesisi. Geji ikifufuka, floti haina kosa. Kilichokufa ni ethi ya tenki, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Hili hutokea mara nyingi mno kwenye Land Rover, kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu hulana na kuacha unga mweupe unaozuia umeme. Dawa yake ni kufungua bolti moja ya tenki, kukwangua hadi metali ing'ae, na kufunga waya wa ethi wa kudumu kutoka kwenye bolti hiyo hadi kwenye chesisi, kisha kupaka vaselini juu ya kiungo. Mimi ningefunga waya huo hata kwenye gari ambalo geji yake ni nzima.

Kama mshale haukusogea hata kidogo kwa rizista ya omu 22, hamia kwenye dashibodi. Fungua skrubu zinazoshika bati la vipimo, legeza kebo ya spidomita, na uvute bati hilo mbele. Chukua rizista ileile uiunganishe kati ya ncha ya geji yenye waya wa kijani na nyeusi na chuma cha gari. Mshale ukipanda hapa, waya kati ya dashibodi na tenki umekatika. Uutafute kwenye viungo vyake kwanza, maana ndiko hukatikia, na ukishindwa pitisha mwingine wa milimita moja ya mraba. Usipopanda, weka taa ya majaribio kwenye ncha ya pili ya geji. Taa ikiwaka kwa kukonyeza, umeme unafika na geji ndiyo mbovu. Isipowaka, tatizo liko kabla ya geji, kwenye stabilaiza au nyaya zake.

Stabilaiza

Stabilaiza ya asili ina kipande cha metali mbili kinachojikunja kwa joto na kukata umeme, kisha kupoa na kuurudisha, tena na tena ndani ya kila dakika. Ndiyo maana multimita ya tarakimu huonyesha namba zinazorukaruka zisizo na maana, wakati multimita ya mshale au taa ndogo huonyesha wazi mdundo wa kuwaka na kuzimika. Pima kwenye ncha yenye herufi B, ambayo inapaswa kuwa na volti za betri bila kukatika, kisha kwenye ncha yenye herufi I, ambayo ndiyo inayodunda. Kama I ina volti 12 bila kudunda kamwe, angalia ethi ya kiboksi kabla ya kukihukumu, kwa sababu kisipopata ethi safi hakipati joto, hakikati umeme, na geji zote mbili husoma juu. Kiboksi hiki pia lazima kikae wima kama kilivyofungwa kiwandani. Kikigeuzwa hufanya kazi vibaya.

Kikiwa kimekufa kabisa, badala ya kutafuta kingine cha zamani, fundi redio yeyote anaweza kujenga cha kielektroniki kwa kutumia kipande kinachoitwa 7810, ambacho hutoa volti 10 tulivu. Maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto hupokea umeme kutoka kwenye waya wa kijani, wa kati huenda kwenye ethi, na wa kulia hulisha geji. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 kati ya mguu wa kushoto na ethi, na ya 0.1 kati ya wa kulia na ethi, na ufunge mgongo wake wa bati kwenye chuma ili joto lipate pa kwenda. Hii inafaa kwa gari ambalo hasi ya betri ndiyo imefungwa kwenye chesisi, kama Series III zilivyo. Usiifunge kwenye gari la kale zaidi ambalo chanya ndiyo ethi.

Kufungua tenki

Vipimo vikishaielekea floti, hakikisha mafuta hayazidi nusu ya tenki, sogeza gari nje kwenye hewa, na uchomoe waya wa hasi wa betri kabla ya kufanya lolote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni, na hushika moto kutoka kwa cheche iliyo mbali. Usitumie taa ya balbu ya kioo kumulikia ndani. Weka alama kuonyesha floti ilivyokaa, kwani ikirudishwa kwa kugeuka mkono utagonga ukuta wa tenki. Floti za skrubu hufunguliwa kwa bisibisi. Zile za pete hugeuzwa kinyume cha saa kwa kugongwa taratibu kwa kipande cha shaba au mti mgumu, kamwe si kwa patasi ya chuma. Itoe kwa kuiinamisha, ili mkono wenye boya utoke bila kupinda, na uzibe tundu kwa kitambaa safi.

Acha floti ikauke nje kabisa. Unganisha multimita kati ya T na bati lake, na usogeze mkono polepole kutoka chini hadi juu. Namba inapaswa kuteremka kwa ulaini kutoka karibu 240 hadi karibu 20. Hapa ndipo multimita ya mshale inaposhinda, kwa sababu macho hulinasa ruko dogo ambalo tarakimu hulipita. Kisha fungua kifuniko kidogo cha pembeni na utazame kwa karibu: utaona waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa kwenye kipande bapa, na juu yake ncha ya shaba inayoteleza. Kwenye magari yanayowekewa lita 5 leo na lita 10 kesho, waya umeng'arishwa na kulika upande wa tupu pekee, huku upande wa kujaa ukiwa na weusi wa mafuta yaliyoganda kwa kuwa ncha haijawahi kufika huko. Weusi husafishwa kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme na brashi laini ya meno. Msasa usiguse waya huu. Ncha ikiwa imelegea, ikunje kidogo sana ili ikandamize vizuri zaidi. Waya ukiwa umekatika, usijaribu kuuunga; nunua floti nyingine.

Litikise boya karibu na sikio. Boya la shaba likisikika na kimiminika ndani limetoboka, limezama, na ndilo linaloifanya geji isome tupu siku zote. Lizamishe kwenye maji moto yaliyochemshwa mbali na hapo, na viputo vitaonyesha tundu. Nashauri boya kama hilo libadilishwe. Kulilehemu huku likiwa na mvuke wa petroli ndani ni kutengeneza bomu dogo mkononi.

Floti mpya ipimwe kwa multimita dukani, kabla ya kulipiwa. Sokoni kuna nyingi zinazoingia kwenye tundu sawasawa lakini ukinzani wake ni wa gari jingine. Floti za Toyota nyingi za zamani huwa takriban omu 110 zikiwa tupu na omu 3 zikijaa; magari mengi ya General Motors ya Marekani huenda kinyume, omu 0 tupu na 90 kamili, na zile za VDO za Ulaya mara nyingi huwa 10 tupu na 180 kamili. Kwenye magari ya aina hizi mbili za mwisho, waya uliokatika husoma imejaa, kwa hiyo anayetumia mwongozo huu kwa gari jingine apime floti yake kwanza ndipo atafsiri kinachoonyeshwa na mshale.

Kufunga na kusawazisha

Safisha mdomo wa tenki, weka gasketi mpya ya koki (gome laini linalotengenezewa vizibo) au ya mpira unaostahimili petroli, na usitumie silikoni ya kawaida, maana petroli huilainisha na vipande vyake kuishia kwenye pampu. Rudisha nyaya, na betri iunganishwe mwisho kabisa, baada ya harufu kuisha.

Tenki la kawaida la gari fupi huchukua takriban lita 45. Likiwa limekauka, mimina lita 5, washa ufunguo, subiri mshale utulie, andika unaposimama. Rudia kila lita 5 hadi lijae. Kama geji inasoma tupu wakati bado kuna lita 15, toa floti na ukunje waya wa boya kidogo ili boya lishuke zaidi, nayo geji itasoma zaidi. Ikisema uongo kwa upande wa kuzidisha, kunja kinyume. Binafsi napendelea alama ya tupu iache lita 5 au 6 za akiba. Kosa likibaki hata rizista zako zinapochukua nafasi ya floti, geji yenyewe ina matundu mawili madogo mgongoni, mara nyingi yamezibwa kwa koki, ambamo bisibisi nyembamba husogeza upande wa tupu na upande wa kujaa. Rekebisha ukiwa na omu 240, kisha omu 22, na urudie mara mbili au tatu kwa sababu upande mmoja huvuta mwingine. Geji iliyo nje ya gari isiunganishwe moja kwa moja na betri ya volti 12, itaungua.

Jaza tenki, endesha kwenye barabara yenye mashimo, kisha ondoa mto wa kiti na upapase kuzunguka gasketi kwa kidole kikavu. Pakiwa pakavu, rudisha bati la chini ya kiti na skrubu zake zote, hata zile ambazo hazikuwepo ulipolifungua, kwa kuwa bati hilo ndilo linalozuia mvuke wa petroli usiingie alikoketi dereva.